Dawa ya minyoo si chanjo: dhana potofu kuhusu kinga ya kondoo

Kila mvua zikianza swali hurudi lilelile: "Nimeshawachanja minyoo, mbona wanakonda?" Ukiuliza walichanjwa nini, unaonyeshwa chupa ya albendazoli. Tuanze hapo, maana makosa mengine mengi huzaliwa hapo.

"Ukimnywesha dawa, ana kinga ya miezi mitatu"

Hana hata ya siku moja. Albendazoli, levamisoli na ivermektini ya kunywesha huua minyoo iliyomo ndani ya mnyama wakati ule, kisha hutoka mwilini katika siku chache. Kondoo aliyenyweshwa Jumatatu na kurudishwa malishoni yaleyale, wiki haijaisha keshaanza kumeza mabuu mapya. Mabuu hayo huchukua kama wiki tatu kukomaa na kutaga. Ndiyo maana ukipima kinyesi siku ya 14 unakuta mayai machache unafurahi, ukipima wiki ya sita unasema dawa imeisha nguvu. Kazi ya dawa ilikwisha zamani. Zipo zinazodumu mwilini kwa wiki kadhaa, kama closanteli dhidi ya mnyoo mnyonya damu (Haemonchus contortus) na moksidektini ya sindano, lakini hata hizo ni sumu tu ya mnyoo iliyobaki mwilini. Mwili wa kondoo wenyewe haujajifunza chochote.

Anayemfundisha kondoo ni mnyoo. Buu la hatua ya tatu likimezwa pamoja na majani huvua ganda lake, likajipenyeza kwenye tezi za tumbo la nne au kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Chembe za kinga hunasa protini zake na kuzipeleka kwenye tezi za limfu. Kutoka hapo seli T saidizi za aina ya pili hutoa interleukini 4, 5 na 13 (protini za kupashana habari kati ya seli), na ukuta wa utumbo hubadilika: seli masti na eosinofili, ambazo ni seli za kinga, huongezeka, kingamwili za IgA na IgE hutengenezwa, ute huwa mwingi na mzito. Mnyoo hubanwa kwa awamu. Kwanza mabuu yanayofaulu kujishikiza hupungua. Halafu yaliyojishikiza hudumaa au hukwama katika hatua ya nne. Majike yanayokomaa huwa mafupi na hutaga kidogo. Kwa Teladorsagia circumcincta, mnyoo wa tumbo la nne, ufupi huo unahusishwa hasa na IgA. Kufukuza minyoo mikubwa iliyokwisha kukaa kwa kawaida huja mwisho.

Safari hiyo ni ya miezi. Dhidi ya Nematodirus, mnyoo wa utumbo mwembamba, mwanakondoo hujikaza mapema, akiwa na miezi mitatu au minne hivi. Dhidi ya Trichostrongylus na Teladorsagia anahitaji msimu mzima wa kumeza mabuu kidogo kidogo, na kinga ya kutegemewa huja anapokaribia mwaka. Dhidi ya mnyonya damu kinga huwa hafifu zaidi na huyumba upesi. Sasa mchukue mwanakondoo huyo, umnyweshe dawa kila wiki tatu tangu siku ya kuachishwa kunyonya. Unakatiza somo kila linapoanza. Anaweza kufika mwaka ana mwili wa mtu mzima na kinga ya mtoto, na siku utakapositisha dawa utamwona akianguka huku wenzake wamesimama.

Na hasara haiishii kwake. Ukinywesha kundi zima kila mwezi, minyoo pekee inayobaki kutaga ni ile iliyoishinda dawa, na malisho yote hujaa watoto wake. Ndivyo usugu unavyotengenezwa, kwa bidii na kwa fedha ya mfugaji mwenyewe. Lazima wabaki kondoo wasionyweshwa, ili mayai ya minyoo inayosikia dawa yaendelee kuanguka malishoni. Minyoo haigawanyiki sawasawa kundini. Sehemu kubwa hubebwa na wanyama wachache, na hao ndio wa kutafutwa.

Kama tatizo lako ni mnyonya damu, fungua kope la chini na ulinganishe rangi ya utando wa ndani na kadi ya FAMACHA, yenye rangi tano kuanzia 1 (nyekundu, damu inatosha) hadi 5 (nyeupe, damu imepungua sana), kila wiki mbili wakati wa joto na mvua. Alama 1 na 2 waache. Alama 4 na 5 wanyweshe. Alama 3 wanyweshe wanakondoo, majike wanaonyonyesha na waliokonda. Mnyoo mmoja mkubwa hupoteza damu ya kondoo kama mililita 0.05 kwa siku. Minyoo 1,000 ni mililita 50 kila siku, kwa hiyo wiki mbili si muda wa kuchezea. Kadi hiyo haisemi lolote kuhusu Trichostrongylus na Teladorsagia, ambazo hazinyonyi damu namna hiyo. Kwa hizo pima kinyesi. Chukua sampuli kutoka kwenye mkundu, si chini zizini, kwa wanyama 10 au zaidi wa rika moja, na uweke baridi kama haifiki maabara siku ileile, la sivyo mayai yataanguliwa njiani.

Unaponywesha, pima uzito kwa mizani. Kukadiria kwa macho karibu kila mara humpunja mnyama dozi. Ncha ya bomba ipite nyuma ya ulimi. Dawa ikiachwa mbele ya mdomo, mfereji wa umio unaweza kujifunga na kuipitisha kando ya tumbo kubwa, ikatoka mwilini mapema mno. Rudia kipimo cha mayai baada ya siku 14: upungufu wa chini ya asilimia 95 ni dalili ya usugu, maadamu dozi ilikuwa sahihi.

Chanjo halisi ya minyoo ya kondoo ipo. Barbervax ilianza kuuzwa Australia mwaka 2014, nayo ni ya mnyonya damu peke yake. Imetengenezwa kwa protini za utando wa utumbo wa mnyoo. Kondoo hutengeneza kingamwili dhidi ya protini hizo, mnyoo anazinyonya pamoja na damu, nazo zinavuruga mmeng'enyo wake. Lakini katika maambukizi ya kawaida kondoo hazioni protini hizo, zimefichika ndani ya mnyoo, kwa hiyo mabuu ya malishoni hayamkumbushi. Ndiyo sababu hudungwa dozi tatu za mwanzo kwa nafasi ya wiki tatu hadi nne, kisha moja kila wiki sita msimu wa hatari ukiendelea. Ukiona utaratibu wa namna hiyo, sema umechanja. Chupa ya albendazoli iite dawa.

"Jike mkubwa ana kinga, hahitaji kuangaliwa"

Anayo, ila huilegeza wakati mbaya kuliko wote. Kuanzia kama wiki mbili kabla ya kuzaa hadi wiki sita au nane baadaye, mayai kwenye kinyesi chake hupanda. Mabuu yaliyokuwa yamekwama ukutani huamka na kukomaa, na mapya hupata nafasi. Kisha mtoto wake, asiye na kinga yoyote, anaanza kuonja majani palepale mama alipoacha kinyesi. Wafugaji hulaumu malisho au dawa, wakati chanzo kimesimama zizini kinanyonyesha.

Sababu kubwa ni protini. Ute, kingamwili na seli za kinga ni protini tupu, na jike akipungukiwa huanza na kiwele kabla ya kinga. Majaribio yameonyesha hivyo kwa njia mbili: ukiongeza protini inayopita tumbo kubwa bila kuvunjwa, mayai hupungua, ukimwondolea jike pacha mmoja, mayai hupungua pia.

Hapa nina ushauri ambao nitaurudia mpaka nichokwe: tenga majike wenye mapacha wiki tatu kabla ya kuzaa, uwalishe tofauti. Baada ya kuzaa mgao wao uwe na protini ghafi ya asilimia 14 hadi 16, na sehemu yake itoke kwenye mashudu ya soya au ya mbegu nyingine za mafuta. Wafike siku ya kuzaa na hali ya mwili ya alama 3 katika kipimo cha 1 hadi 5. Mahindi matupu yatawapa nguvu, hayataziba pengo la protini. Ukifikia kunywesha, anza na wenye mapacha, waliokonda na wanaozaa mara ya kwanza. Jike aliyenona mwenye mtoto mmoja mwache.

"Anahara, basi ana minyoo mingi"

Mnyonya damu, anayeua kuliko wote, kwa kawaida haharishi. Kinyesi huwa kigumu na cheusi, kope hupauka, uvimbe hutokea chini ya taya, mnyama anakufa na mkia msafi.

Na kinyume chake kipo. Kondoo mkubwa mwenye kinga kali anaweza kuhara vibaya huku mayai kwenye kinyesi chake ni machache au hakuna. Anameza mabuu mengi, mwili unayashambulia kwa nguvu, eosinofili zinafurika ukutani, na uvimbe huo wa ukuta ndio unaoharisha. Kumnywesha dawa isiyodumu mwilini kisha kumrudisha palepale hakusaidii, kwa sababu kinachomsumbua ni mabuu anayoendelea kumeza. Mhamishe malisho, mnyoe manyoya ya nyuma ili nzi wasitage, na usimzalishie madume ya mbegu akiwa na tabia hiyo kila mwaka. Kabla ya hapo, hakikisha si koksidia (vimelea vidogo vya utumbo), si bakteria, wala si kubadilishiwa chakula ghafla.

Nyingine, kwa ufupi

"Mwenye kinga hana minyoo." Anayo, michache, mifupi, inayotaga kidogo. Kinga ya kondoo haisafishi utumbo kabisa, na hufifia akikaa miezi mingi bila kukutana na mabuu. Kondoo aliyelelewa bandani akinunuliwa na kuachiwa kwenye malisho yenye mabuu mengi, mhesabu kama mwanakondoo hata kama ana miaka minne.

"Dang'a itamkinga mtoto." Dang'a ni lazima, ndani ya saa sita za kwanza ikiwezekana, kwa sababu ya bakteria na virusi. Dhidi ya minyoo ya utumbo ulinzi wake ni mdogo mno kuutegemea.

"Sindano ya vitamini huamsha kinga." Humsaidia mwenye upungufu wa vitamini hiyo. Aliyekosa protini mpe protini. Na usichome deksamethasoni ovyo "kumtia nguvu", kwani steroidi hukandamiza kinga hiyohiyo unayoitaka.

"Mbuzi na kondoo ni mamoja." Mbuzi hujenga kinga dhaifu zaidi dhidi ya minyoo hii na huondoa dawa nyingi mwilini haraka zaidi, kwa hiyo dozi ya kondoo mara nyingi haimtoshi. Wakilishwa pamoja, mbuzi aliyepunjwa huwapelekea kondoo minyoo sugu.

"Kondoo wa asili hawaugui minyoo." Kondoo Mwekundu wa Kimaasai, Barbados Blackbelly na St. Croix kweli huizuia minyoo kuliko Dorper na Merino, lakini malisho yakizidiwa na mabuu nao hufa. Tofauti iko pia ndani ya kila kundi, na hurithiwa kiasi cha kutosha kuchagulia mbegu. Tatizo ni kwamba wengi huchagua dume kwa macho. Dume anayenawiri huku akimwaga mayai ni mvumilivu tu: yeye hapati shida, anawachafulia wenzake malisho. Mpime kinyesi pamoja na rika lake, wote wakiwa wamelishwa pamoja na hawajanyweshwa dawa kwa wiki sita au zaidi, na wastani wa kundi ukiwa umefika mayai 300 hivi kwa gramu. Chini ya hapo kila dume ataonekana bingwa. Rudia kipimo baada ya wiki chache kabla hujamchagua.