Harold Wagstaff, senta aliyewafungulia wenzake njia

Harold Wagstaff aliichezea Huddersfield, klabu ya raga ya ligi, kwa mara ya kwanza Novemba 1906, dhidi ya Bramley, akiwa na miaka 15 na siku 175. Klabu ilimtoa Pump Hole Rangers, timu ya kwao Underbank, Holmfirth, kwa sarafu 5 za dhahabu.

Msimu alioingia una uzito kuliko umri wake. Klabu za kaskazini mwa Uingereza zilikuwa zimejitenga na chama kikuu cha raga mwaka 1895, katika kikao cha George Hotel mjini Huddersfield, zikidai mchezaji aliyekosa ujira wa mgodini au kiwandani kwa ajili ya mechi afidiwe. Kisha wakaanza kuugeuza mchezo wenyewe. Lainauti, yaani kurusha mpira ndani kutoka pembeni huku pande mbili zikiugombea, iliondolewa mwaka 1897. Mwaka 1906 wachezaji walipunguzwa kutoka 15 hadi 13, na aliyeangushwa akaruhusiwa kusimama na kuurudisha mpira nyuma kwa mguu. Wagstaff alikulia katika uwanja wenye nafasi, wakati wakubwa wake walikuwa bado na mazoea ya kupiga mpira mbele na kuukimbilia. Yeye aliamini kwamba mpira ukishaupata, unaushika.

Kazi ya senta, anayecheza ndani ya winga, ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Anapokea mpira akiwa tayari ana kasi, anamkimbilia beki anayemkabili moja kwa moja, anamlazimisha aamue, ndipo anampa winga mpira. Akitoa mapema mno, beki humwacha na kumwendea winga. Akichelewa, anaangushwa na mpira mkononi. Kosa linaloharibu mashambulizi mengi ni la tatu: kukimbia kwa kukata pembeni. Senta wa namna hiyo humbana winga wake mwenyewe kwenye mstari, na beki mmoja anatosha kuwazuia wote wawili. Wagstaff alisifika kwa kulikwepa kosa hilo, na winga wake, Stanley Moorhouse, ndiye aliyevuna. Upande wa pili Albert Rosenfeld, Mwaustralia, alifunga trai 80 msimu wa 1913–14; trai ni kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani. Rekodi hiyo haijavunjwa.

Akiwa na miaka 17 alishaichezea England, na akiwa na miaka 20 alishakuwa nahodha wa Huddersfield. Msimu wa 1914–15 walitwaa vikombe vyote vinne vilivyokuwepo: Kombe la Challenge, ubingwa, Kombe la Yorkshire na Ligi ya Yorkshire. Fainali ya Challenge waliifunga St Helens 37–3.

Lakini mechi ninayoirudia kila nikimfikiria ni ya Sydney, 4 Julai 1914. Ilikuwa ya tatu dhidi ya Australia ndani ya siku 8, na kila upande ulikuwa umeshinda moja. Waingereza, waliokuwa ziarani Wagstaff akiwa nahodha, walikuwa na majeruhi wengi na viongozi wa msafara walipinga ratiba hiyo, ila viongozi wao wa nyumbani waliwaagiza kwa simu ya maandishi wacheze.

Frank Williams aliumia mguu. Douglas Clark alivunjika kidole gumba, akafungwa bandeji na kuendelea, kisha bega likamwishia. Billy Hall alipigwa kichwani akatoka. Wachezaji wa akiba hawakuruhusiwa, hivyo walibaki 10.

Anayetazama raga ya ligi ya leo anaweza asione ukubwa wa jambo hilo. Siku hizi timu huangushwa mara 6, kisha inautoa mpira. Mwaka 1914 hapakuwa na kikomo. Australia wangeweza kuushika mpira dakika nyingi mfululizo, na timu iliyopungukiwa watu hulemewa hata kwenye skramu, pale pande mbili zinaposukumana kuugombea mpira, ambako ingeweza kuunyakua. Basi watu 10 walilazimika kukaba, kuinuka na kukaba tena bila kujua ni lini watapumua. Ukuta wa namna hiyo huvunjika mmoja anapotoka mbio peke yake na kuacha pengo. Wao hawakuachana.

Katika hali hiyo Wagstaff alipenya, akampa mpira Chick Johnson, fowadi, yaani mmoja wa wasukumaji wa skramu, aliyekuwa amehamishiwa winga. Johnson aliushusha chini, akausukuma kwa miguu hadi mstarini na kufunga trai. Alf Wood alipiga mikwaju 4 iliyoingia. Uingereza ilishinda 14–6. Mechi hiyo inaitwa Rorke's Drift hadi leo, kwa kumbukumbu ya kikosi kidogo cha Waingereza kilichozingirwa na Wazulu mwaka 1879.

Vita vilimkata katikati ya ubora wake. Akiwa jeshini Grove Park, London, pamoja na Clark, Rosenfeld na Ben Gronow, aliichezea timu ya kikosi cha magari, safari hii kwa sheria za wachezaji 15. Baadaye akapelekwa Misri. Aliongoza tena msafara wa 1920 na kushindwa na Australia 2–1, kisha akalipiza nyumbani kwa matokeo yaleyale msimu wa 1921–22.

Alistaafu mwaka 1925, akafariki Julai 1939 akiwa na miaka 48. Kwa Huddersfield alicheza mechi 436 na kufunga trai 175. Trai alizowatengenezea Moorhouse na wenzake hazikuandikwa kwa jina lake.