"Kuumwa na bunduki" maana yake nini, na zile alama zinatoka wapi

Kuumwa na bunduki ni yale majeraha madogo anayopata yule aliyeshika silaha mwenyewe, sio yule anayelengwa. Risasi haihusiki hapo. Kinachoumiza ni chuma kinachotembea, joto, teke la bunduki na mlio. Hapa Uganda watu wanaoshika silaha kila siku ni wengi, ukiacha UPDF, yaani jeshi la Uganda, na polisi kuna askari wa makampuni ya ulinzi kwenye mabenki, petroli stesheni, supamaketi, kuna rinja wa mbuga za wanyama, na wengi wao ukiwaangalia mikono utakuta alama ambazo hawaongelei, wanaona ni vitu vidogo.

Tuanze na SMG, ndio jina tunaloita AK hapa kwetu. Ule mkono wa kukoki uko upande wa kulia na kila risasi ikitoka unaenda nyuma na kurudi mbele kwa nguvu, sasa kuruti akiweka kidole au kiganja upande huo wakati anapiga, chuma kinamgonga hapo hapo, ngozi inachubuka au kucha inavilia damu. Hata bila kupiga, wakati wa kusafisha, ukifungua kile kifuniko cha juu kuna springi ndefu imebanwa ndani, usipoishika vizuri inakurukia, na kidole kikiwa pale boluti inapofunga, kile chuma kinachosukuma risasi ndani ya mtutu, kinabanwa.

Kwa Wamarekani jeraha la namna hii lina jina lake kabisa, wanaliita kidole gumba cha Garand. M1 Garand ni bunduki iliyopokelewa na jeshi la Marekani mwaka 1936, risasi zake 8 zinaingizwa kutokea juu na mtu anazisukuma kwa kidole gumba, sasa asipotoa kidole haraka boluti inaruka mbele na kukibana ndani. SMG haina shida hiyo kwa sababu magazini, kile kibebeo cha risasi, inaingia kwa chini.

Bastola nayo inauma pale katikati ya kidole gumba na cha shahada, ile nyama laini. Sehemu ya juu ya bastola inarudi nyuma kila ukipiga, ukishika juu sana inakukata na mara nyingi inaacha mistari miwili myembamba kama imechorwa na wembe. Browning Hi-Power ya mwaka 1935 inajulikana sana kwa hilo, nyundo yake ndio inafinya ngozi. Wawindaji wanaotumia darubini wao wanapata mpasuko wa nusu duara juu ya nyusi, kwa sababu wamesogeza jicho karibu mno na bunduki imepiga teke. Na shotigani, ile ya marisau, usipoibana vizuri kwenye bega unalala na bega la bluu.

Joto sasa. Mtutu ukishapiga magazini kadhaa mfululizo haushikiki, na ukiugusa alama yake inafanana sana na ile ya ekzosi ya boda ambayo nusu ya Kampala tunayo mguuni. Lakini linalonihangaisha zaidi ni ganda la risasi. SMG inatupa maganda kulia kwa mbele, kwa hiyo aliyelala upande wa kulia kwenye mstari wa shabaha ndio yanamwangukia, na likiingia kwenye kola linachoma shingo. Kuungua kwenyewe ni kidogo, kunapona baada ya siku chache. Hatari iko kwa mtu mwenyewe, anaruka, anageuka, bunduki iko koki na kidole bado kipo kwenye traga, na mtutu unapita kwa wenzake. Ndio maana mafunzoni wanafundisha kwamba ganda likikuingia vumilia, toa kidole kwenye traga kwanza, mtutu ubaki mbele, weka sefti, ile swichi ya kuzuia bunduki isipige, halafu ndio ujishughulikie. Hilo ningependa kila kampuni ya ulinzi irudie kwa askari wake mara kwa mara, sio siku ya kwanza tu.

Kutibu sio kugumu. Kuungua, weka maji baridi yanayotiririka kama dakika 20, usipake dawa ya meno wala samli wala majivu. Kukatwa, osha kwa maji na sabuni, funika, na nenda kliniki uulize sindano ya pepopunda maana hizo silaha zina mafuta na uchafu. Wengine ngozi yao ina tabia ya kuota keloidi, kovu linavimba na kupita mpaka wa kidonda chenyewe, huyo asilikate wala kulichoma kienyeji, linarudi kubwa zaidi. Na osha mikono kabla ya kula ukitoka renji, yaani uwanja wa shabaha, kuna madini ya risasi, yaani ledi, yanabaki kwenye vidole.

Kitu kingine, kuna watu wanaangalia alama ya bega au ugumu wa kidole na kusema huyu alikuwa mwanajeshi, huyu alikuwa msituni na waasi. Hapana jamani. Fundi wa magari ana kucha nyeusi, mbeba mizigo wa soko la Owino ana bega gumu, kovu peke yake haliwezi kusema lilitoka wapi na ni vibaya kumhukumu mtu kwa hilo.

Halafu kuna jeraha ambalo halionekani kabisa, nalo ndio baya kuliko yote hayo: masikio. Mlio wa bunduki unapita desibeli 140, na hapo hata mlio mmoja unaweza kuharibu. Baada ya renji masikio yanalia wiiii, yakinyamaza mtu anadhani yamepona, kumbe vile vinyweleo vidogo vya ndani vinavyopokea sauti vikifa havioti tena. Pamba haisaidii kitu cha maana, tafuta viziba masikio vyenyewe au hedifoni za kuzuia kelele. Na ukiona unaongeza redio kila mwezi, au watu wa nyumbani wanakuita mara tatu ndio unaitika, nenda upimwe, hospitali ya Mulago hapa Kampala kuna idara ya masikio, pua na koo, na waambie wazi kwamba kazi yako ni ya bunduki.