Patina na kutu ni vitu viwili

Tangazo la kisu cha kukunja cha Kimarekani linasema kina "patina nzuri ya miaka mingi". Ukikuza picha unaona madoa ya rangi ya matofali, na karibu na ncha kuna vishimo vinavyoweza kumeza kichwa cha sindano. Hiyo ni kutu. Tangazo la pili linajisifu kwamba kisu "kimetolewa kutu yote". Bapa linang'aa kama kijiko cha dukani, na muhuri wa kiwanda umebaki nusu. Hapo kilichotolewa ni patina. Wauzaji wote wawili wameharibu bei ya kitu kizuri kwa sababu neno halikuwakaa sawasawa.

Patina ni utando mwembamba wa rangi unaojijenga juu ya uso wa kitu kwa umri na matumizi, ukashikamana nacho bila kukila. Kwenye feleji ya kaboni, yaani chuma kigumu chenye kaboni, ile iliyotengenezewa visu vingi vya mfukoni vya Marekani kabla ya feleji isiyoshika kutu kuenea, huwa wa kijivu, wa buluu iliyokolea, au mweusi kabisa.

Neno lenyewe lingetosha kutuonya. Kwa Kilatini, patina ilikuwa sahani pana isiyo na kina. Wakatoliki wana ndugu yake altareni, patena, kile kisahani cha hostia. Waitaliano ndio waliolichukua wakalipa kazi ya utando, na mwaka 1681 Filippo Baldinucci wa Florence akaliingiza katika kamusi yake ya istilahi za uchoraji. Anasema ni neno la wachoraji, ambao pia huuita utando huo ngozi, na kwamba ni ule ukungu wa giza ulioenea pote ambao muda huuleta juu ya picha, na ambao pengine huipendezesha.

Tazama alichokibana humo. Ni ngozi, kwa hiyo ni sehemu ya mwili, wala si uchafu uliotua juu yake. Umeenea pote, kwa hiyo si doa hapa na doa pale. Na waweza kupendezesha. Baadaye neno likahamia kwenye sanamu na sarafu za shaba nyeusi, kisha kwenye samani, ngozi za viatu, na mwisho kwenye feleji. Katika safari yote hiyo halikuwahi kuwa jina la kitu kinachooza. Anayeita vishimo vyekundu patina hajapanua maana ya neno, ameligeuza juu chini.

Kikemia tofauti ni kubwa vilevile. Kutu nyekundu ni oksidi ya chuma iliyofungamana na maji. Huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, ndiyo maana huvimba na kubanduka, na kwa kuwa ina vitundu hushika unyevu na kuendelea kuchimba chini yake. Weusi wa patina ni mchanganyiko mwingine: oksidi nyeusi ya chuma, pamoja na misombo inayotokana na asidi za vyakula vilivyokatwa na jasho la vidole. Tufaha, kitunguu, ndimu na nyama kila kimoja huacha rangi yake. Tanini, ile dawa chungu ya matunda na ya maganda ya miti, ikikutana na chuma hutoa weusi uleule uliotumika kwa karne nyingi kama wino wa kuandikia. Utando huo umelala tambarare na kupunguza kasi ya kutu, ingawa hauizuii kabisa. Bado kisu kinahitaji mafuta.

Kuvitofautisha mkononi hakuhitaji maabara. Weka tone la mafuta mepesi ya madini kwenye kitambaa cheupe, usugue bapa polepole. Kitambaa kikitoka na hudhurungi nyekundu, hapo pana kutu. Kisha pitisha ncha ya kijiti cha meno juu ya doa: juu ya patina kinateleza, kwenye shimo la kutu kinanasa. Angalia pia mahali. Patina ya kweli hufuata kazi: bapa kubwa huwa jeusi zaidi, hasa kuelekea makali na ncha, na bapa dogo ambalo mwenyewe alilifungua mara chache hubaki jeupe. Kutu haifuati kazi, inafuata unyevu, kwa hiyo itafute kwenye maungio, chini ya springi ya mgongoni, na pale ambapo kisu kiligusana na ala ya ngozi.

Kuna chanzo kingine cha kutu ambacho wengi hukisahau. Mipini ya seluloidi, plastiki ya zamani, ya nusu ya kwanza ya karne ya 20 ikianza kuoza hutoa harufu ya kafuri na mvuke unaogeuka asidi ya nitriki. Mpini mmoja wa namna hiyo ndani ya sanduku lililofungwa unaweza kuvitia kutu visu vyote vilivyolala karibu nao. Visu vyenye mipini hiyo viweke peke yake, penye hewa.

Halafu kuna patina ya kulazimishwa: bapa linachovywa kwenye siki au kupakwa haradali kwa saa kadhaa. Kwa kisu kipya cha kutumia jikoni au bustanini sina ugomvi nayo. Kwenye kisu cha mkusanyaji ni jambo lingine, kwani asidi hula uso wote kwa usawa na hutumika kuficha alama za gurudumu la kusugulia au muhuri uliochezewa. Ukiona mabapa yote yana weusi wa aina moja, hata kwenye shina, yaani sehemu ya bapa iliyo karibu na mpini penye muhuri wa kiwanda, ambako kidole wala tunda havifiki, uliza maswali zaidi kabla ya kulipa.

Shina hilo ndipo penye thamani. Chukua visu vya Case vya Bradford, Pennsylvania: mwaka 1970 kiwanda kilianza kugonga nukta 10 chini ya jina, na kila mwaka kikapunguza moja, hadi 1979 ikabaki nukta moja. Umri wote wa kisu uko kwenye vidoa hivyo vidogo. Gurudumu lenye dawa ya kung'arisha likipita juu yake kwa sekunde chache, nukta mbili zimeondoka, na cha 1970 kinasomeka kama cha 1972. Hakuna namna ya kuzirudisha.

Kwa hiyo penye kutu, toa kutu peke yake. Loanisha doa kwa mafuta, uliache usiku kucha, kisha likwangue kwa ukingo wa senti ya Marekani ya kabla ya 1982, ambayo ni shaba kwa asilimia 95. Shaba ni laini kuliko feleji, hivyo huondoa wekundu na kuacha weusi mahali pake. Senti za baadaye ni zinki iliyovikwa shaba kidogo, hazifai. Msasa usiuguse kabisa. Shimo litabaki, na libaki tu. Kulisawazisha kunamaanisha kula bapa zima hadi kina cha shimo.

Basi mwenzako akikuonyesha wekundu akauita patina, mwambie kwa upole kwamba hiyo bado ni kutu, kwamba ikiwahiwa hutoka, na kwamba ule ukijivu unaouzunguka, ambao pengine alipanga kuusugua pamoja nao, ndio patina yenyewe.