Je, wajua kwa nini baraza huvuja mbali na penye tundu?

Mtu wa Kigoma ameongeza baraza mbele ya nyumba, ameliezeka kwa mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga, apate pa kupumzika na kuoteshea miche yake. Mvua za Novemba zinaingia, na siku ya kwanza tu beseni liko sakafuni. Fundi anapanda, anapaka lami juu ya pale panapodondoka, anashuka. Mvua ya pili, tone liko palepale.

Lami ile haikuwa na kosa ila mahali. Maji yakishapenya hayaanguki papo hapo. Hung'ang'ania upande wa chini wa bati, hufuata mteremko mpaka yakutane na papi, ule ubao wa kukingama unaopigiliwa mabati, kisha huambaa na papi hadi kwenye ncha ya msumari au kifundo cha ubao, ndipo yaachie. Tundu lenyewe basi liko juu zaidi, pengine mita mbili kutoka kwenye beseni.

Mtafute mvujo siku ya jua, mkiwa wawili. Mmoja awe ndani na chaki, mwingine amwage maji kwa mpira, akianzia chini kabisa ya paa na kupanda polepole, kila sehemu dakika kadhaa. Ukianzia juu, maji yatateremka yapite kila tundu na hutajua ni lipi.

Pa kwanza kushuku ni pale paa la baraza linapogusana na ukuta wa nyumba. Baraza limejengwa baadaye, msingi wake ni mwingine, nao hutitia kivyake. Saruji ya kuzibia hapo itapasuka tu, hata ukiirudia kila mwaka. Dawa ni bati lililokunjwa: ukingo wa juu uingie kwenye mfereji uliochongwa ukutani, wa chini ulalie mabati kwa sentimita 15 hivi, uachwe huru kucheza.

Kisha misumari. Hapa ndipo wengi tunapoumia, kwa sababu polikaboneti, plastiki ya mabati kama haya yanayopitisha mwanga, hutanuka kwa joto takriban mara 5 kuliko chuma. Karatasi ya mita 3, joto likipanda nyuzi 40, hurefuka karibu milimita 8. Bati la chuma halifiki hata milimita 2. Ukiigongelea misumari kama bati la kawaida, kila mchana inavuta na kila usiku inarudi, mpaka matundu yanakuwa mapana. Toboa tundu kubwa kuliko skrubu, weka washa ya mpira, kaza kiasi, na funga juu ya mgongo wa bati, kamwe si kwenye bonde yanamopita maji.

Mteremko nao usiudharau. Ukiwa chini ya nyuzi 10, yaani kushuka pungufu ya sentimita 18 kwa kila mita, maji hukawia, na upepo huyasukuma yapande katikati ya mabati mawili yaliyolaliana. Silikoni ya kuzibia haiponyi hilo. Inabidi kuinua kenchi, zile mbao zinazobeba paa.

Na ukikuta matone asubuhi ambayo mvua haikunyesha, usipande juu. Hilo ni jasho: hewa yenye unyevu wa miche na udongo imegusa paa lililopoa usiku. Acha matundu ya hewa juu ya ukuta, pande mbili zinazotazamana.