Ruhusa za faili na skripti ya kuzibadilisha

Ruhusa ya faili ni alama inayouambia mfumo wa kompyuta ni nani anayeweza kuisoma faili hiyo, kuiandika au kuiendesha kama programu. Katika Unix na mifumo ya jamii yake, ikiwemo Linux, alama hizo huwekwa kwa mwenye faili, kwa kundi lake na kwa wengine wote. Amri ya kuzibadilisha ni chmod, nayo imekuwapo tangu toleo la kwanza la Unix la mwaka 1971.

Kusoma huhesabiwa 4, kuandika 2 na kuendesha 1. Tuchukue ofisi ya wakala wa forodha jijini Mombasa, ambayo makarani wake huhifadhi ankara na hati za shehena za Kilindini katika seva moja ya Linux. Karani aliyeandaa hati anapaswa kuisoma na kuirekebisha, wenzake waisome tu, na mtu mwingine yeyote asiione kabisa. Namba hizo hujumlishwa kwa kila upande, kwa hiyo hati hiyo hupewa 640: 6 (yaani 4 na 2) kwa mwenye faili, 4 kwa kundi lake na 0 kwa wengine.

Hati zikiwa maelfu, mtu huandika skripti ya sheli, yaani faili ya maandishi yenye amri zinazotekelezwa kwa mfululizo:

#!/bin/sh
cd /srv/hati || exit 1
find . -type d -exec chmod 750 {} +
find . -type f -exec chmod 640 {} +

Mstari wa pili usidharauliwe. Folda isipopatikana, skripti husimama hapo hapo. Bila ya "exit 1" ingeendelea kubadilisha ruhusa za folda yoyote ambamo mwendeshaji alikuwamo wakati huo.

Folda (-type d) na faili (-type f) zimetengwa kwa sababu ile 1 ya kuendesha hubadilika maana ikiwekwa kwenye folda: huwa ni ruhusa ya kupita ndani. Folda yenye ruhusa ya kusoma pekee ni kama chumba unachokichungulia dirishani ukaviona vilivyomo, ilhali mlango umefungwa. Ndiyo maana anayeandika chmod -R 640 kwa folda nzima hujifungia nje yeye mwenyewe, na anayekimbilia 755 huzifanya ankara zote zionekane kuwa programu. Ama 777, ambayo mafundi wengi huitumia ili malalamiko yaishe upesi, humruhusu kila mwenye akaunti kuandika atakacho, na sioni hati ya forodha inayoistahili. Tena, haki ya kufuta faili hutokana na ruhusa ya kuandika katika folda iliyomo, wala si ruhusa ya faili yenyewe, hivyo faili isiyoandikika inaweza kufutwa vilevile.

Skripti yenyewe huhitaji kwanza chmod u+x ili iendeshwe kwa jina lake, au iitwe kwa kutanguliza sh. Anayeiendesha sharti awe mwenye faili hizo au msimamizi mkuu wa mfumo, yaani root. Katika flashi iliyoandaliwa kwa FAT haitafaa kitu, kwa kuwa mpangilio huo hauhifadhi ruhusa za Unix.

Hati zitakazoundwa baadaye skripti haizigusi. Hizo hufuata umask ya mtumiaji, yaani namba ya ruhusa zinazoondolewa kwa kila kinachoundwa, na kwa ofisi hii thamani yake ni 027, inayozipa faili mpya 640 na folda mpya 750 tangu zinapoundwa.