Sigara haitengenezi kiuno

Barazani Michenzani, Unguja, bado utasikia: msichana akitaka kupungua, avute. Maneno haya wala si ya kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 matangazo ya sigara za Lucky Strike huko Marekani yaliwahimiza wanawake washike sigara badala ya peremende. Kweli, nikotini huzima njaa kwa muda (ndiyo maana uongo huu haufi). Lakini mvutaji huelekea kuwa na mafuta mengi zaidi tumboni kuliko asiyevuta mwenye uzito uleule.

Kwa vijana kuna jengine: anayeogopa kunenepa huwa mwepesi kuanza kuvuta, na sigara mara nyingi huandamana na kula kwa pupa kisha kujitapisha. Binti akikataa hata urojo, na nguo zanuka moshi, muulize kwa upole anavyokula, si sigara tu.