Wanataka vinasaba vyangu vya nini? Maswali ya watu wa Bagamoyo na majibu yake

Alasiri moja jirani yangu wa Magomeni, hapa Bagamoyo, alikuja nyumbani na karatasi aliyoifunga kwenye pindo la kanga. Kurasa sita, zimekunjwa mara nne. Alikuwa ameombwa kushiriki utafiti, akaambiwa akaisome na wenzake nyumbani kisha arudi na jibu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari miwili. Wa kwanza: nakubali kutolewa damu kwa ajili ya utafiti huu. Wa pili: nakubali damu na vinasaba vyangu vitunzwe kwa ajili ya tafiti nyingine za baadaye. Pembeni ya kila mstari visanduku viwili, ndiyo na hapana.

"Mwanangu, huu wa kwanza nimeuelewa," aliniambia. "Huu wa pili ndio ulionileta."

Mimi ni muuguzi, na bibi huyu si wa kwanza kuuliza. Nimeyaweka hapa maswali ninayokutana nayo, pamoja na majibu ninayoyatoa.

Vinasaba ni kitu gani, na wanavitoa wapi mwilini?

Ni maelekezo ya mwili, na yamo katika karibu kila seli yako. Yameandikwa kwa herufi nne tu za kikemia, lakini herufi hizo zinafika kama bilioni 6, zimegawanywa katika vifurushi 46 viitwavyo kromosomu: 23 kutoka kwa mama, 23 kutoka kwa baba. Kuzisoma kwa mara ya kwanza kulianza mwaka 1990 na kukatangazwa kumalizika mwaka 2003. Siku hizi mashine moja inasoma za mtu mmoja kwa siku chache.

Damu ya kijiko cha chai inatosha. Inaingia kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, ambacho ndani kina dawa ya kuizuia isigande. Chembe nyekundu zilizokomaa hazina vinasaba, kwa hiyo wanachokitafuta kipo kwenye chembe nyeupe. Wengine hukuchoma ncha ya kidole na kudondosha matone kwenye karatasi nene, au hukupitisha pamba ndani ya shavu, au hukuomba uteme mate kwenye kichupa.

Halafu yanakuja maswali: unaumwa nini, unatumia dawa gani, wazazi walifariki kwa maradhi gani. Msikasirike mkiulizwa hayo. Herufi peke yake hazisemi kitu mpaka ziwekwe pembeni ya historia ya afya ya mwenyewe.

Kwa nini sisi? Si wawatumie Wazungu huko kwao?

Wameshawatumia, na hapo ndipo tatizo lilipo. Uingereza ina hazina moja ya sampuli na taarifa za afya, UK Biobank, yenye watu 500,000 waliojitolea kati ya mwaka 2006 na 2010, na wengi mno ni wenye asili ya Ulaya. Hesabu iliyotolewa mwaka 2019 ilionesha kuwa katika tafiti za kuhusisha jeni, yaani vipande vya vinasaba vyenye kazi maalumu, na magonjwa, washiriki 78 kati ya kila 100 walikuwa wa asili ya Ulaya. Waafrika walikuwa kama 2. Dawa na vipimo vinavyotokana na tafiti hizo vinatufikia sisi, lakini mara nyingi havikupimwa kwa miili yetu.

Na miili yetu ina mengi ya kufundisha. Mwaka 2005 watafiti wa Dallas, Texas, walikuta kwamba Wamarekani wenye asili ya Afrika kama 2 kati ya 100 wamerithi jeni iitwayo PCSK9 ikiwa imezimika upande wa mzazi mmoja, na lehemu mbaya (kolesteroli) katika damu yao iko chini sana. Mwaka uliofuata ikaonekana kuwa ugonjwa wa mishipa ya moyo huwapata kwa nadra. Kutoka hapo zikatengenezwa sindano za kushusha lehemu, zikaidhinishwa mwaka 2015. Leo zinamsaidia mtu wa rangi yoyote, mradi awe na fedha za kuzinunua.

Mfano wa jirani zaidi uko Muheza, mkoani Tanga. Watoto waliolazwa Hospitali Teule kwa malaria kali, pamoja na watoto wenzao wasioumwa, walichangia damu kwa utafiti uliotoka mwaka 2015 kuhusu upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Ilionekana kuwa wasichana waliorithi jeni ya upungufu huo kwa mzazi mmoja tu wana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Jeni hiyo hiyo inaweza kumfanya mtu avunjikiwe na chembe za damu akipewa dawa ya malaria iitwayo primakwini kwa dozi kubwa. Kwa hiyo daktari anayemwandikia dawa mtu wa Tanga au Bagamoyo ana sababu ya kujua jambo hili. Halingejulikana kwa kupima watu wa London.

Lakini Bagamoyo tumeshatoa sana. Tumepata nini?

Tumetoa kweli. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, na viwili kati ya hivyo vilikuwa Bagamoyo na Korogwe. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021. Chanjo ya pili, R21, nayo ilipita hapa kabla ya kupendekezwa mwaka 2023. Mimi najivunia hilo, na nasikitika kuona akina mama wengi waliowabeba watoto wao kwenda kuchomwa hawakuwahi kurudishiwa habari kwamba kazi yao ilizaa matunda. Ukiombwa kushiriki, uliza: matokeo mtakuja kutueleza lini, na wapi? Hiyo ni haki yako.

Wazee wanasema hawa ni mumiani.

Siwacheki wazee. Watu wa mwambao wameishi na hofu ya mumiani kwa vizazi, na ilikuwa na chimbuko: wageni walichukua damu bila kueleza inakwenda wapi. Chukua upimaji wa matende na busha. Watu walikuja usiku, wakagonga milango, wakatoboa vidole. Sababu yake ni ya kweli kabisa, kwani minyoo wachanga wa ugonjwa huo hujitokeza kwenye damu ya pembeni usiku, hasa kati ya saa nne na saa nane. Lakini mtu aliyeamshwa usingizini bila kuelezwa sababu hiyo utamlaumu kwa kukimbia? Dawa ya mumiani ni maelezo, na anayepaswa kuyatoa ni mtafiti, kabla hajafungua sindano.

Ule mstari wa pili je? "Tafiti za baadaye" ndiyo nini?

Hapa naomba tukae kidogo.

Ukikubali mstari huo, sampuli yako inawekwa kwenye friji lenye baridi kali, pengine nyuzi 80 chini ya sifuri, na vinasaba vyake vinahifadhiwa kwenye kompyuta. Miaka kumi baadaye mtafiti mwingine, ambaye leo pengine yuko darasa la saba, anaweza kuomba kuvitumia kwa swali ambalo bado halijaulizwa. Kuna faida kubwa: sampuli moja inajibu maswali mengi, na watu hawasumbuliwi kila mwaka. Ila umekubali jambo usilolijua.

Kabila la Havasupai, wanaoishi ndani ya bonde la Grand Canyon huko Marekani, walianza kutoa damu mwaka 1990 kwa chuo kikuu kimoja cha Arizona wakijua ni kwa ajili ya kisukari, kilichokuwa kikiwamaliza. Baadaye wakagundua kuwa damu ile ilitumika pia kuchunguza ugonjwa wa akili, kuoana ndugu kwa ndugu, na asili ya kuhama kwao, jambo lililopingana na masimulizi ya mababu zao. Walikwenda mahakamani. Mwaka 2010 chuo kilikubali kulipa dola 700,000 na kurudisha sampuli. Damu ilitolewa na mtu mmoja mmoja, lakini aibu ilifika kwa kabila zima.

Kwa hiyo uliza. Tafiti za magonjwa gani? Nani ataamua nani apewe? Jina la kijiji chetu litaandikwa kwenye ripoti? Zitakaa miaka mingapi? Jirani yangu alirudi na maswali hayo manne. Alijibiwa mawili vizuri, mawili kwa kubabaika. Akaweka ndiyo kwenye mstari wa kwanza, hapana kwenye wa pili, na wakampokea vilevile. Kukataa wa pili hakukufukuzi kwenye wa kwanza, na wala hakukunyimi matibabu yako ya kawaida.

Wameniambia jina langu litaondolewa, itawekwa namba tu. Basi si siri?

Ni ulinzi mzuri, ila si siri ya moja kwa moja. Fikiria ukili uliookotwa njiani. Hauna jina la msukaji, lakini mwanamke anayejua kusuka ataugeuza, atazame mishono na rangi, na pengine atakuambia umetoka mkono wa nani. Mwaka 2013 kundi la watafiti lilichukua vinasaba visivyo na majina vilivyowekwa wazi, likavilinganisha na orodha za koo zilizoko kwenye intaneti, na kuwatambua watu karibu 50.

Ndiyo maana ni muhimu kujua taarifa zako zitawekwa kwa mtindo gani. Kuna hazina zenye mlango, kama ile ya Uingereza: mtafiti anaomba, anachunguzwa, anasaini masharti. Na kuna zilizo wazi kwa dunia nzima. Profesa George Church wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alianzisha mradi wa namna hii mwaka 2005, watu wakajitolea vinasaba na historia zao za afya vionwe na yeyote. Ninachokiheshimu katika mradi ule ni kwamba hawakuahidiwa siri. Waliambiwa wazi kuwa wanaweza kutambulika, na kabla ya kuingia walifanyishwa mtihani kuhakikisha wameelewa. Anayekuahidi siri kamili juu ya vinasaba amekuahidi asichoweza kukutimizia.

Nikikubali mimi, nimekubali peke yangu?

Kwenye karatasi, ndiyo. Kwenye damu, hapana. Ndugu yako wa baba na mama mmoja anachangia nawe karibu nusu, na mtoto wako nusu kamili. Mwaka 2018 polisi wa California walimkamata muuaji aliyetafutwa kwa miongo kadhaa kwa sababu ndugu zake wa mbali walikuwa wameweka vinasaba vyao kwenye hazina ya wazi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuviweka. Katika kisa kile tunashukuru, lakini mlango ni ule ule hata kwa asiye na kosa.

Ninachowashauri watu, na nakishauri kwa moyo wote: kabla ya kusaini, kaa barazani na ndugu zako. Hawana mamlaka ya kukukataza kama wewe ni mtu mzima, lakini wana haki ya kujua.

Kuna swali ambalo akina baba huniuliza kwa sauti ya chini: je, itajulikana kama mtoto si wangu? Utafiti unaopima wazazi na watoto pamoja unaweza kuliona hilo, lakini kwa kawaida watafiti hawalitoi. Kipimo cha kujua baba wa mtoto hapa nchini kina utaratibu wake chini ya Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, kupitia Mkemia Mkuu wa Serikali.

Nitalipwa?

Nauli na muda wako, ndiyo. Damu haiuzwi. Lakini kama kampuni itakuja kutengeneza faida, uliza jamii itapata nini. Seli za Henrietta Lacks, mgonjwa wa saratani huko Marekani, zilichukuliwa hospitalini Baltimore mwaka 1951 bila ridhaa yake, zikatumika duniani kote, na familia yake ilifikia makubaliano na kampuni moja mwaka 2023 tu.

Watanipa majibu yangu?

Mara nyingi hapana, kwa kuwa maabara ya utafiti si maabara ya hospitali. Uliza mapema. Kama watapima selimundu, omba uambiwe, hasa wewe kijana unayejiandaa kuoa au kuolewa: wazazi wote wawili wakiwa na kinasaba kimoja kimoja cha selimundu, hata kama wenyewe hawaumwi, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mgonjwa.

Sijui kusoma. Naweza kushiriki?

Unaweza. Usomewe kwa Kiswahili, mbele ya shahidi asiye mtu wa mradi, ndipo uweke dole gumba. Shahidi mchague mwenyewe.

Nani anawasimamia watu hawa?

Utafiti wa afya unatakiwa kupitishwa na kamati ya maadili, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ndiyo yenye kamati ya taifa. Sampuli zikitoka nje ya nchi lazima kuwe na mkataba maalumu wa kuzisafirisha. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya na vinasaba kuwa nyeti. Malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mwombe mtafiti akuoneshe barua ya kibali. Mwenye nayo haoni haya kuitoa.

Nilisaini mwaka jana, sasa nimebadili mawazo. Na fomu yangu imeliwa na mchwa.

Unaweza kujitoa wakati wowote, bila kutoa sababu. Nenda ofisi ya mradi, au kama imefungwa, zahanati walikokuandikishia, ueleze jina lako na mwezi uliotoa damu. Wao wana nakala, na kwa kawaida wana daftari linalounganisha jina na namba, limefungiwa peke yake. Omba sampuli iliyobaki iharibiwe na taarifa zako zisitumike tena, na uombe jibu kwa maandishi. Zilizokwisha kuingia kwenye matokeo yaliyochapishwa hazirudi, na kama daftari lenyewe limeshateketezwa, hakuna awezaye kuijua sampuli yako kati ya nyingine. Kwa hiyo usikawie. Nenda wiki hii.